Pensheni ya wazee, dirisha la wazee, na mtu wa kumsaidia bibi kuoga: vitu vitatu tunavyovichanganya

Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wowote kuna swali lisilokwisha: "Wazee si wanalipwa siku hizi? Mbona mama hajaandikishwa?" Mmoja atajibu kuwa ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Mwingine atasema hapana, hiyo ni TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) na ni ya maskini tu. Wa tatu atalalamika kwamba baba yake ana kitambulisho cha mzee na bado ameandikiwa dawa akanunue nje. Wa nne, ambaye shemeji yake alipata kiharusi, atauliza jambo jingine kabisa: kuna mtu yeyote anayelipwa na serikali kuja nyumbani kumsaidia mgonjwa kuoga? Hapo kundi hunyamaza, mpaka mtu atume picha ya maua yenye maneno ya asubuhi njema.

Wote wanne wana ukweli, ila kila mmoja ameshika kipande chake. Mambo yanayomwezesha mzee au mtu mzima mwenye ulemavu kuendelea kuishi nyumbani kwake ni mafiga matatu. La kwanza ni pesa. La pili ni matibabu. La tatu ni mikono, yaani mtu wa kushika, kuinua, kupika na kusindikiza, pamoja na vifaa vinavyopunguza kazi ya mtu huyo. Mawili ya kwanza yana utaratibu wake, hata kama unalegalega: yana ofisi, yana umri, yana fomu. La tatu karibu lote limeachiwa familia, na ndani ya familia limeachiwa binti. Ndiyo maana swali la yule wa nne halikupata wa kulijibu.

Tuanze na maneno

Kwa Tanzania Bara mzee ni mtu aliyefikisha miaka 60. Ndivyo ilivyosema Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003. Lakini umri wa kuitwa mzee na umri wa kupata kitu fulani si lazima ulingane. Pensheni jamii ya Zanzibar huanzia miaka 70, na Kenya nao katika Inua Jamii, mpango wao wa serikali wa kutoa fedha, walichagua 70. Ukisikia tangazo linalosema "wazee", ulizia kwanza wazee wa umri gani.

Ulemavu nao huwa unaeleweka nusu. Wengi tunafikiria mguu, jicho, sikio. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatazama mbali zaidi: inahesabu kupungukiwa nafasi ya kushiriki maisha ya kawaida ya jamii sawasawa na wengine, kwa sababu za kimwili, kiakili au za kijamii. Hizo za kijamii ndizo tunazozisahau. Mtu anayetembelea kiti mwendo, mbele ya ofisi yenye ngazi saba, anazuiwa na ngazi kuliko anavyozuiwa na miguu yake. Sensa ya 2022 ilikuta asilimia 11.2 ya watu wenye miaka saba na kuendelea wana aina fulani ya ulemavu. Wakiwekwa pamoja na wazee, hata ukiondoa wanaohesabiwa mara mbili, hakuna mtaa ambao jambo hili haliuhusu.

Sasa "kuishi kwa kujitegemea". Hili ndilo linalokera wengi, kwa sababu linasikika kama desturi ya kigeni ya kumwacha mzee peke yake kwenye nyumba na paka. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, una ibara nzima juu yake, ya 19, na haisemi mtu aishi peke yake. Inasema achague mwenyewe akae wapi na akae na nani, kisha apate msaada wa kumwezesha kuishi ndani ya jamii badala ya kutengwa nayo. Kwa hiyo mtu asiyeweza kunyanyua kijiko anaweza kuwa anajitegemea vizuri kabisa, kama ndiye anayeamua ale nini na alale saa ngapi. Na mtu mwenye nguvu zake zote anaweza kuwa hajitegemei hata chembe, kama kadi yake ya benki inakaa mfukoni mwa mwanawe.

Pesa: nani analipwa, na kwa sababu gani

Zile shilingi 50,000 zipo, ila zipo Zanzibar. Serikali ya Mapinduzi ilianzisha pensheni jamii mwezi Aprili 2016 kwa wakaazi waliofikisha miaka 70. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000, na fedha zinatoka kwenye bajeti ya serikali yenyewe. Mlengwa hakuchangia kitu wala hakuhitaji kuwahi kuajiriwa. Mkulima wa karafuu wa Wete na mvuvi wa Nungwi, ambao maisha yao yote hawakuwahi kuona karatasi ya mshahara, wanaingia kwa sababu moja tu: umri.

Bara hakuna malipo ya namna hiyo. Yamedaiwa kwa miaka mingi, yamezungumzwa bungeni, lakini mzee wa Masasi au wa Kahama hapati shilingi yoyote kwa sababu tu ametimiza miaka 70. Aliyewahi kuajiriwa na kuchangia ana pensheni yake ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF, na hiyo ni akiba yake, haina uhusiano na ustawi wa jamii. Asiyechangia, yaani wazee walio wengi, mlango wake ni TASAF kupitia Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini.

Hapa kuna jambo linalowachanganya watu sana. TASAF haiangalii mtu, inaangalia kaya, yaani watu wanaolala pamoja na kula chungu kimoja. Majina huanzia kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, kisha hali ya kaya inahakikiwa: nyumba, mifugo, watoto, kipato. Sasa chukua bibi wa miaka 78 anayeishi kwa mwanawe. Nyumba ina bati, kuna pikipiki, mwana ana duka dogo. Kaya hiyo haipiti, na kwa kigezo cha umaskini wa kaya ni sawa isipite. Lakini ndani yake yumo mtu ambaye hajashika noti yake mwenyewe tangu mumewe afariki, na kila anapotaka ugoro au nauli ya kwenda msibani anaomba. Mpango unaomtazama mtu mmoja mmoja, kama wa Zanzibar, unamwona bibi huyu. Mpango unaoitazama kaya haumwoni. Sisemi mmoja ni mbaya na mwingine ni mzuri, kwa sababu kumlipa kila mzee Bara ni mzigo mzito na walio maskini zaidi ndio wenye haraka zaidi. Nasema tu kwamba ukienda kumwandikisha mama TASAF kwa hoja kwamba "ni mzee", umeenda na hoja isiyotakiwa pale.

Kenya walijaribu yote mawili. Awali fedha za wazee zilifuata umaskini. Kuanzia mwaka 2018 wakaamua kila mwenye miaka 70 asiye na pensheni ya serikali aingie, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Wana pia mkondo wa pekee wa watu wenye ulemavu mkubwa, wale wanaohitaji kuangaliwa saa zote, na pesa hiyo hupitia kwa mlezi. Kiasi ni kidogo na malipo yakichelewa huwa ni habari ya magazetini, lakini angalau hapo mlezi anatajwa kwenye karatasi.

Kuna na ile asilimia mbili. Kila halmashauri Bara inatakiwa kutenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ni sheria tangu 2018. Watu huiita "pesa ya walemavu" na kuifuata kama msaada. Ni mkopo. Hauna riba, lakini unarudishwa. Ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake upangwe upya, ikarejea 2024. Anayeweza kufuga kuku au kufungua kibanda cha kuuza vocha, inamfaa. Anayetafuta mtu wa kumsukuma kwenda kliniki, haimhusu.

Matibabu: dirisha linafungua nini

Sera inasema wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo katika vituo vya umma. Maneno "wasio na uwezo" ndiyo yanayomezwa tukisimuliana. Si kila mwenye mvi. Halmashauri, kupitia ustawi wa jamii, huwatambua wanaostahili na kuwapa kitambulisho. Dirisha la wazee ni jambo jingine: ni foleni ya kuhudumiwa mapema, iliyokuja na kaulimbiu ya "Mzee Kwanza". Unaweza kuhudumiwa dirishani bila kuwa na msamaha wa malipo, na unaweza kuwa na msamaha ukaukosa ufanisi wake kwa sababu dawa imeisha stoo. Kitambulisho kinafuta gharama ya kilichopo. Dawa isiyokuwepo hakiwezi kuileta. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imelenga kuondoa hali hii kwa kuweka mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo, hivyo mzee aje na bima kama mwingine yeyote badala ya kuja na msamaha.

Na wapo wanaoamini kwamba mtu mwenye ulemavu ni mgonjwa, kwa hiyo yote yake yamalizikie hospitali. Mtu aliyezaliwa haoni anaumwa malaria kama wewe na anapona kama wewe. Anachohitaji siku zisizo za malaria ni fimbo nyeupe, njia isiyo na mashimo, na watu waache kumshika mkono bila kumuuliza.

Mikono

Wataalamu wa utengamao, wale wanaomrudishia mtu uwezo alioupoteza au kumfundisha njia nyingine ya kufanya jambo lile lile, huzigawa shughuli za siku katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la mwili wenyewe: kuinuka kitandani, kuoga, kuvaa, kula, kwenda chooni. La pili ni la kuendesha maisha: kupika, kuteka maji, kwenda sokoni, kufuata dawa, kushika pesa, kupiga simu. Anayekwama kwenye fungu la pili anaweza kuendelea kuishi kwake akitembelewa mara mbili tatu kwa wiki. Anayekwama kwenye la kwanza anahitaji mtu kila siku, tena kwa saa zisizongoja. Choo hakina ratiba.

Kwa hiyo familia ikikaa kikao, swali la "nani atamchukua mama" limewahi mno. Liulizwe kwanza: mama ameshindwa kipi hasa? Mara nyingi utakuta ni kitu kimoja tu, na kitu chenyewe ni choo.

Vyoo vyetu vingi ni vya kuchuchumaa. Magoti yakikataa kukunjika, mzee hapigi kelele. Anapunguza kunywa maji ili asiende mara kwa mara, au anajibana mpaka mjukuu atoke shule amshikilie. Anadhoofika, anapata kizunguzungu, siku moja anaanguka. Watoto wanapigiwa simu, wanaamua hawezi tena kukaa kijijini, wanamhamishia Mbagala kwenye chumba ambacho hajui jirani hata mmoja. Kumbe alichohitaji ni kiti. Fundi seremala anachukua kiti cha mbao cha kawaida, anakata tundu katikati ya sehemu ya kukalia, anafunga mbao za kukingama miguuni ili kisiyumbe, kinasimamishwa juu ya tundu la choo. Ukutani anapigilia mti wa kushikia, usawa wa mkono wa mzee akiwa amekaa, si usawa wa fundi aliyesimama. Hapa ndipo wengi wanapokosea, na mti unabaki kuwa wa kutundikia taulo. Kopo la maji linawekwa juu ya kigoda, siyo sakafuni. Sakafu ya saruji inayoteleza inakwaruzwa mistari. Ni kazi ya siku moja, na inaweza kumwongezea mtu miaka ya kukaa kwake.

Huu ndio moyo wa kile kinachoitwa utengamao katika jamii: maarifa yanaletwa uani, badala ya mtu kubebwa kuyafuata hospitali ya rufaa. Asiyeona hufungiwa kamba kutoka mlango wa nyumba hadi chooni, akaifuata mwenyewe bila kumwamsha mtu. Aliyepata kiharusi huchimbiwa fito mbili za mianzi zilizolala sambamba, usawa wa mikono yake, akafanya mazoezi ya kutembea hapo kila asubuhi huku jirani akipita na kumtania. CCBRT, ambayo wengi tunaijua kwa hospitali yake ya Msasani, Dar es Salaam, ilianza mwaka 1994 na kazi za namna hii.

Kiti mwendo nacho kina elimu yake. Tumezoea kuona picha za mheshimiwa akikabidhi viti mwendo kumi mbele ya kamera, vyote vya saizi moja, vyenye vigurudumu vidogo vya mbele kama vya wodini. Vile vimeundwa kwa sakafu ya vigae. Vipeleke Rufiji kwenye mchanga, au Lushoto kwenye mteremko, vinazama au vinapinduka. Kiti cha kijijini huwa na gurudumu la mbele lililo kubwa na lililosogezwa mbali. Halafu lazima mtu apimwe: kiti kikimpwaya au kikimbana, na hasa kwa mtu asiyehisi sehemu za chini, ngozi inakandamizwa pale pale mpaka inaoza na kuwa kidonda, na kidonda hicho huua. Watu wa kupima na kutengeneza vitu hivi tunao. Chuo cha TATCOT, pale hospitali ya KCMC, Moshi, kinafundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi tangu 1981, na wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika. Kwa hiyo usimpokelee mzee wako kiti cha msaada bila kuuliza nani atampima.

Mtu wa serikali aliye karibu zaidi na mlango wako ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa kuwa na wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano, wanaotoka kwenye mtaa au kitongoji kile kile wanachokihudumia. Kenya waliwatuma wa kwao, zaidi ya 100,000, Septemba 2023. Sasa tusidanganyane: mhudumu huyu haji kumwogesha bibi. Anatembelea kaya, anatambua tatizo kabla halijawa kubwa, anaelekeza na kutoa rufaa. Lakini mwite hata kama nyumba haina mjamzito wala mtoto wa chanjo. Mwambie kuna mtu amelala kitandani tangu mwezi uliopita, naye aandike.

Anayeogesha ni nani, basi? Mara nyingi ni binti aliyerudi nyumbani kutoka kwa mume, au mke wa mdogo wa mwisho, au mjukuu wa kike ambaye utoro wake shuleni unaelezwa kwa sentensi moja: "Alikuwa anamwangalia bibi." Hana siku ya kupumzika. Hajafundishwa namna ya kumgeuza mtu mzito bila kuumia mgongo. Hana pesa yake. Wenye uwezo mijini huajiri dada wa kazi, wakamwongezea mzee juu ya kupika, kufua na watoto, kwa mshahara ule ule. Ninaposikia kwamba sisi hatuhitaji huduma hizi kwa kuwa tuna familia, huwa nataka kumuuliza msemaji ni nani katika familia yake anayefanya. Ni nadra awe yeye.

Na wakati mwingine mkono wenyewe ni wa mzee. Huko Nshamba, wilayani Muleba, mkoa wa Kagera, ukimwi uliondoa kizazi cha kati na kuwaacha mabibi na wajukuu. Shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwalipa mabibi hao pensheni ndogo ya kila mwezi, na nyongeza kwa kila mjukuu wanayemlea. Wapo waliodhani zitapotea. Zilikwenda kwenye chumvi, sabuni na viatu vya shule. Pia mabibi walikutana katika vikundi vyao vya ujirani, na nadhani hilo lilikuwa na uzito sawa na pesa: asiyeonekana siku ya kikao, mtu anakwenda kugonga mlango wake.

Kugonga mlango si jambo dogo. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, na kule Kilifi nchini Kenya, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Bibi anayeishi mwenyewe, macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka hamsini, akawa ndiye anayeshukiwa mtoto wa jirani akifa. Jiko lisilotoa moshi, matibabu ya macho na jirani anayeingia na kutoka kila siku ni huduma za kumwezesha kuishi kwake, hata kama hakuna ofisi inayoziita hivyo.

Niongeze moja ambalo linaonekana dogo. Malipo mengi sasa yanakuja kwa simu. Bibi haoni vizuri herufi za kioo, kwa hiyo mjukuu ndiye anayesoma ujumbe, ndiye anayekwenda kwa wakala, ndiye anayejua namba ya siri. Wengi wa wajukuu hawa ni waaminifu. Lakini pesa imekuja kwa jina la bibi na bibi hajaigusa. Mfundisheni tarakimu nne kwa vidole, kama anavyojua kuhesabu punje za bao. Mpelekeni kwa wakala anayemfahamu, aambiwe salio kwa sauti ya chini. Kama haiwezekani kabisa, basi wawe watu wawili wanaojua, na mmoja asiwe anayeishi naye.

Kwa nini wasijenge nyumba za wazee nyingi?

Swali hili huja kila mara, na huulizwa kwa nia njema. Serikali inayo makazi ya wazee: Nunge kule Kigamboni, Njoro Moshi, Kolandoto Shinyanga, Fungafunga Morogoro, Sukamahela Singida, Bukumbi Mwanza na mengine, Zanzibar ni Sebleni na Welezo. Baadhi, kama Nunge na Bukumbi, yana historia ya kuwa makazi ya waliougua ukoma, ndiyo maana wapo wenyeji walioingia vijana na kuzeekea humo humo. Sera iliyaweka kuwa hatua ya mwisho, kwa asiye na ndugu wala mtu. Nakubaliana na sera hapo. Makazi hupokea wachache, yanakula bajeti kubwa, na hata yakiendeshwa vizuri mtu anaamka kwa kengele ya wengine. Lakini huwezi kuita kitu hatua ya mwisho kama hujaweka hatua za katikati. Kati ya "familia itajua" na "mpeleke Nunge" kuna nafasi kubwa, na ndani ya nafasi hiyo ndimo kinamokaa kiti cha chooni, mhudumu wa jamii, siku moja ya mapumziko kwa binti, na daladala inayosimama mpaka mwenye magongo amalize kupanda.

Kwa nini umezungushwa ofisi hadi ofisi

Sasa unajua sehemu ya jibu. Mafiga haya hayako chini ya bwana mmoja. Masuala ya wazee yako kwenye wizara ya maendeleo ya jamii, ya watu wenye ulemavu kwa miaka mingi yamekaa Ofisi ya Waziri Mkuu, dawa ni za wizara ya afya, TASAF ina utaratibu wake, na watumishi wote unaokutana nao huko chini ni wa halmashauri, yaani TAMISEMI (ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa). Karani anayekwambia "hiyo si hapa" mara nyingi anasema kweli. Kosa lake ni kutokukwambia ni wapi.

Mtu anayeunganisha nyuzi hizi ni afisa ustawi wa jamii. Yupo halmashauri, kwenye baadhi ya kata yupo, na hospitali za wilaya na mikoa zinaye wa kwake. Huyo wa hospitali ndiye wa kumwona unapokwama dirishani na mgonjwa yuko machelani, kwa sababu misamaha ya malipo inapitia kwake. Usipoteze saa mbili ukibishana na mhasibu. Kwa jambo lisilo la dharura, anza na mwenyekiti wa mtaa au kijiji akupe barua, na uende na kitambulisho cha NIDA au cha mpiga kura, picha ndogo, na kitu chochote kinachoonyesha umri. Asiye na cheti cha kuzaliwa, na wazee wengi hawana, atafute cheti cha ubatizo, kadi ya zamani ya chama, au mtu wa rika lake wa kumshuhudia. Kwa mwenye ulemavu, omba pia taarifa ya daktari inayoeleza anachoweza na asichoweza kufanya. Iliyoandika jina la ugonjwa peke yake haimsaidii afisa kujua ampe nini.

Mkifika, semeni mnataka figa lipi. "Naomba msaada kwa ajili ya mama" humtupa afisa gizani, atakujibu kwamba fungu limeisha. "Mama ana miaka 74, anaishi mwenyewe, anapika, ila hawezi kuchuchumaa wala kufuata dawa ya presha kilomita sita" ni maneno anayoweza kuyafanyia kazi: kitambulisho cha msamaha, jina kwa mhudumu wa kitongoji ampitie siku ya dawa, barua kwa shirika lenye vifaa.

Kisha kuna Mabaraza ya Wazee. Yameundwa kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa kwenda juu, na watu huyadharau kwa kuyaona ni ya kupiga picha siku ya tarehe 1 Oktoba. Lakini baraza ndilo linaloweza kusimama kwenye mkutano wa kijiji na kudai zahanati ijengewe njia ya mteremko na choo chenye mti wa kushikia, jambo ambalo mzee mmoja akilidai anaambiwa asubiri. Wanaolipeleka waangalie kalenda: mwaka wa fedha huanza Julai, na vipaumbele vya vijiji hukusanywa miezi kadhaa kabla. Ombi likifika mezani Juni, limeshachelewa kwa mwaka mzima.